Alijua Kitabu Kilipo na Hakusema: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Mwenye Usonji

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu mvulana wa miaka 9 mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine), anayesoma katika darasa moja na watoto wasio na hali hiyo. Anasoma vizuri, hesabu anaziweza kuliko wengi wa rika lake, na huzungumza kwa sentensi kamili, ingawa ni nadra kuanzisha mazungumzo yeye mwenyewe. Jina lake na kila jambo linaloweza kumtambulisha limeachwa. Aliitiwa kikao cha walimu na wazazi kwa tuhuma kwamba alishiriki kuficha kitabu cha kuchorea cha mwanafunzi mwenzake, kisha akanyamaza huku akimwona analia. Mimi nilihusishwa kama mshauri baada ya kikao cha kwanza, pale ambapo wazazi walikataa kutia sahihi kumbukumbu zilizoandikwa.

Mambo yalikwenda hivi. Wakati wa mapumziko, msichana anayekaa dawati la mbele yake aliacha kitabu juu ya dawati akatoka nje. Mvulana alibaki darasani, kama ilivyo desturi yake, akipanga penseli za rangi kuanzia iliyokoza zaidi hadi iliyofifia zaidi. Mtoto mwingine aliingia, akakichukua kile kitabu, akakiweka kwenye kabati la nyuma, rafu ya pili, chini ya rundo la madaftari, akaondoka zake. Msichana aliporudi alifungua dawati, akapekua mkoba, akapiga magoti kutazama chini ya viti, na hatimaye akaanza kulia. Mvulana aliinua macho mara moja, akarudi kwenye penseli zake. Mwalimu alipoingia na kuuliza ni nani anayejua kitabu kilipo, mvulana alijibu papo hapo: "Kipo kabatini, rafu ya pili, chini ya madaftari." Mwalimu akamuuliza, "Mbona hukumwambia mwenzako muda wote huo?" Swali hilo hakulijibu. Alirudia tu, kwa sauti ileile, "Kipo kabatini, mwalimu."

Kwa mtu mzima yeyote aliyekuwepo, jibu hilo lilisikika kama kukiri kosa. Kumbukumbu za kikao cha kwanza zilibeba mambo matatu: kwamba mtoto alijua kitabu kilipo, kwamba alinyamaza kwa makusudi, na kwamba hana huruma. La kwanza ni kweli na yeye mwenyewe alilisema. Mawili yaliyofuata yalitokana na dhana ambayo hakuna aliyeitamka, nayo ni kwamba mtu anayejua jambo anajua pia, palepale na bila juhudi, kuwa mwenzake halijui.

Dhana hiyo ndiyo inayopaswa kuchunguzwa, kwa sababu kati ya kujua kitabu kilipo na kutambua kwamba mwenye kitabu anaamini kipo mahali pengine kuna hatua moja nzima. Watu wengi huivuka hatua hiyo upesi kiasi kwamba hawajui kama wameivuka. Wanasaikolojia walianza kuitazama kwa makini baada ya mwaka 1978, pale David Premack na Guy Woodruff walipouliza iwapo sokwe anaweza kutambua kwamba mwingine ana mawazo na nia. Wanafalsafa waliosoma hoja yao waliona mara moja tatizo la kupima uwezo huo: ikiwa mtu anaamini jambo ambalo ni kweli, huwezi kujua kama anayetabiri matendo yake anasoma imani ya mtu huyo au anasoma tu hali halisi ilivyo. Kipimo cha kweli kinahitaji mtu anayeamini jambo lisilo kweli. Heinz Wimmer na Josef Perner walitunga kipimo cha namna hiyo kwa watoto mwaka 1983, na miaka miwili baadaye Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith wakakitumia London kwa watoto wenye usonji.

Jaribio lao lilikuwa jepesi. Mwanasesere Sally anaweka gololi kikapuni, anatoka. Mwanasesere mwingine, Anne, anaitoa kikapuni na kuitia sandukuni. Sally anarudi; je, ataitafuta wapi gololi yake? Mtoto aliulizwa pia gololi iko wapi kwa kweli na hapo mwanzo ilikuwa wapi, ili kuhakikisha kuwa amefuatilia na anakumbuka. Watoto wote walijibu vizuri maswali hayo mawili ya uhakiki. Katika swali la imani, watoto 23 kati ya 27 wasio na usonji, wenye umri wa miaka 4 hivi kwa wastani, walisema kikapuni. Vivyo hivyo watoto 12 kati ya 14 wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha sandukuni, yaani pale gololi ilipokuwa kwa kweli. Watoto hao wenye usonji walikuwa na umri wa wastani unaokaribia miaka 12, na uwezo wao wa lugha ulikuwa juu ya ule wa kundi la sindromu ya Down. Kwa hiyo tofauti haikuweza kuelezwa kwa kusema tu kwamba walikuwa wazito wa kuelewa.

Hadi hapo mtu angedhani kisa chetu kimeshajieleza: mtoto huyu ni miongoni mwa wale 16. Lakini sivyo. Mtaalamu wa shule alikuwa ameshamfanyia jaribio la aina hiyo kabla ya kikao, na mtoto alilifaulu. Alikaa kimya kwa muda, akaugusa mkono wa mwanasesere aliyetoka, kisha akasema, "Atatafuta pa mwanzo. Hakuona. Asiyeona hajui." Matokeo haya ndiyo yaliyomponza. Uongozi wa shule uliyachukua kama ushahidi: kama anaweza kujua kwamba mwanasesere hajui, basi alijua pia kwamba mwenzake hajui, na kunyamaza kwake kulikuwa uamuzi. Ni hoja inayovutia, na nimeikuta kwa watu wenye nia njema kabisa, lakini inasimama juu ya kuelewa vibaya kile ambacho jaribio linapima.

Jaribio la mezani linamwekea mtoto kila kitu tayari. Linamweleza kwamba kuna mtu aliyetoka, linamwonyesha kitu kikihamishwa, halafu linamuuliza waziwazi kuhusu mtu huyo. Hakuna kelele, hakuna penseli zilizoachwa katikati ya mpango, na muda ni wake. Darasani siku ile hakuna aliyemwekea mbele yake swali la kwamba msichana anaamini nini. Ilimbidi aliulize mwenyewe, katikati ya shughuli nyingine, kwa kumtazama mtu anayepekua mkoba. Tofauti kati ya kujibu swali na kujiuliza swali ndiyo inayobeba kisa hiki chote.

Utafiti unaunga mkono kuitenga tofauti hiyo. Mwaka 1995 Francesca Happé alikusanya matokeo ya majaribio haya na kuyalinganisha na kiwango cha lugha cha watoto. Aliona kwamba mtoto asiye na usonji huwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kufaulu akiwa na kiwango cha lugha cha miaka 4 hivi, ilhali mtoto mwenye usonji hufikia nafasi hiyo akiwa na kiwango cha lugha cha miaka 9 hivi. Maana yake si kwamba watoto hawa hawaelewi kamwe mawazo ya wengine. Wengi hufika, ila kwa kuchelewa, na inaelekea kwa njia nyingine, inayoegemea zaidi lugha na hoja. Msikilize mvulana wetu: "Hakuona. Asiyeona hajui." Mtoto wa miaka 5 aliyefaulu jaribio hili mara nyingi hatoi kanuni kama hiyo, hucheka tu na kuonyesha kikapu. Huyu aliitoa kanuni, akaitumia hatua kwa hatua kama anavyofanya hesabu zake.

Mwaka 2009 Atsushi Senju, pamoja na Victoria Southgate, Sarah White na Uta Frith, walionyesha pengo hilo kwa watu wazima waliotambuliwa kuwa na hali iliyoitwa Asperger, aina ya usonji isiyoambatana na kuchelewa kwa lugha. Walipoulizwa kwa maneno, walijibu maswali ya imani isiyo ya kweli bila shida. Walipoonyeshwa filamu fupi bila kuulizwa lolote, huku mwendo wa macho yao ukirekodiwa, hawakuelekeza macho mapema mahali ambapo mhusika angepatafuta kitu kimakosa, ilhali watu wasio na usonji walifanya hivyo. Ni haki kuongeza kwamba majaribio ya kufuatilia macho ya namna hii yameleta utata yaliporudiwa katika maabara nyingine, hata kwa watu wasio na usonji, kwa hiyo sitaki yabebe uzito wote. Lakini hata bila ya hayo, jambo lenyewe linajulikana kwa kila mzazi aliyekaa na mtoto kama huyu: ukimuuliza, anajua, usipomuuliza, hafiki huko kwa wakati.

Yapo pia majaribio yanayosaidia kuona ni wapi hasa ugumu ulipo. Mtoto anapiga picha ya kitu kikiwa mahali fulani, kitu kinahamishwa, kisha anaulizwa picha itaonyesha nini. Picha hiyo, kama ilivyo imani ya Sally, imepitwa na wakati. Watafiti waliolitumia jaribio hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba watoto wengi wenye usonji hujibu vizuri kuhusu picha na bado hukosea kuhusu mtu. Wanaweza, basi, kushika akilini kwamba kitu kinaweza kuonyeshwa tofauti na kilivyo sasa. Kinachowakwaza ni pale maonyesho hayo yanapokuwa ndani ya kichwa cha mtu, mahali pasipoonekana.

Nije sasa kwenye neno "makusudi". Anayetaka kuficha jambo anahitaji kuitunza imani isiyo ya kweli ya mwenzake. Anahitaji kujua kwamba mwenzake hajui, kutaka aendelee kutojua, na kuchunga asije akajifichua. Mwaka 1992 Beate Sodian na Uta Frith waliwapa watoto mchezo wa kumzuia mwizi asipate zawadi iliyomo sandukuni. Watoto wenye usonji waliweza kulifunga sanduku kwa kufuli, lakini wengi hawakuweza kumdanganya mwizi kwa kumwambia kwamba limefungwa ilhali liko wazi. Kufuli hubadilisha hali halisi, uongo hubadilisha mawazo ya mtu, na ni hilo la pili lililowashinda. Tukirudi darasani, mvulana huyu alitaja rafu na rundo la madaftari mara tu alipoulizwa, mbele ya mwalimu, bila kusitasita na bila kujali itachukuliwaje. Mtu anayeficha hafanyi hivyo. Jibu ambalo kikao kililiona kuwa kukiri kosa lilikuwa, kwa maoni yangu, ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba hapakuwa na nia ya kuficha, na kwamba aliyekihamisha kitabu hakuwa ameshirikiana naye kwa lolote.

Tuhuma ya kukosa huruma ndiyo iliyowaumiza wazazi zaidi, na ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko zote. Kutambua mtu anaamini nini na kuguswa na maumivu yake ni mambo mawili, na moja linaweza kuwa gumu bila la pili kukosekana. James Blair alipima mwaka 1999 mwitikio wa mwili wa watoto wenye usonji walipotazama picha za watu wenye dhiki, na akakuta kwamba miili yao iliitikia picha hizo kuliko picha za kawaida, kama ilivyokuwa kwa watoto wengine. Katika kisa chetu kulikuwa na jambo ambalo halikuingizwa kwenye kumbukumbu hadi mwalimu msaidizi alipoulizwa. Baada ya kitabu kupatikana, mvulana alichomoa penseli ya bluu kutoka katika safu yake aliyokuwa ameipanga, akaiweka pembeni mwa dawati la msichana, akarudi kukaa bila kusema neno. Safu ilibaki na pengo hadi mwisho wa siku. Anayemfahamu mtoto huyu anajua kuharibu mpangilio wake kunamgharimu nini. Alikuwa amemwona analia na alikuwa ameguswa. Alichokosa ni kiungo kati ya machozi yale na habari aliyokuwa nayo yeye.

Kuna upande mwingine wa kisa ambao haukupata nafasi hata kidogo katika kikao cha kwanza. Damian Milton, mwanazuoni ambaye yeye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio na usonji kunatoka pande zote mbili, na kwamba si haki kuuweka upungufu wote kwa upande mmoja. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake walichapisha utafiti ambamo habari ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu katika safu. Safu za watu wenye usonji watupu ziliipitisha vizuri sawa na safu za watu wasio na usonji watupu. Habari ilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa. Siichukui hoja hii kama inayofuta matokeo ya mwaka 1985, kwa sababu watoto wale kweli walionyesha sandukuni. Lakini inalazimisha swali ambalo kikao hakikujiuliza: ni nani darasani aliyeshindwa kusoma mawazo ya mwenzake? Mvulana hakutambua kwamba msichana hajui. Walimu nao hawakutambua kwamba mvulana hajatambua. Wao waliweka ndani ya kichwa chake nia ambayo wangekuwa nayo wao kama wangenyamaza, na wakaiandika kama ukweli.

Kilichofanyika baadaye kilikuwa cha aina mbili, na naona sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Sehemu ya kwanza ilimlenga mtoto. Zipo mbinu za kuyafanya mawazo yaonekane, kama vile kuchora kiputo cha mawazo juu ya kichwa cha mtu na kuandika ndani yake anachoamini, au kumfundisha mtoto kuifikiria imani kama picha iliyobaki kichwani. Kwa mtoto anayeielewa picha iliyopitwa na wakati, huo ni mlango wa kuingilia. Mwalimu msaidizi alichora tukio lote katika vyumba vinne vya mchoro, kama katuni: msichana akitoka, kitabu kikihamishwa, msichana akirudi, na kiputo juu ya kichwa chake chenye kitabu kikiwa bado juu ya dawati. Mvulana alikitazama kiputo kwa muda mrefu kuliko vyumba vingine, kisha akasema, "Picha yake ni ya zamani." Kwa wote waliokuwepo, sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko alama yoyote ya jaribio.

Hata hivyo nilisisitiza katika taarifa yangu kwamba mafunzo peke yake yasitegemewe. Utafiti wa Julie Hadwin na wenzake, waliochapisha matokeo yao kuanzia mwaka 1996, ulionyesha kwamba watoto wenye usonji wanaweza kufundishwa kufaulu majaribio ya imani isiyo ya kweli, lakini waliofundishwa hawakubadilika katika namna ya kuzungumza na wengine. Kujifunza jibu hakuleti swali lenyewe katikati ya mchana wenye kelele. Kwa sababu hiyo tulimpa swali moja fupi la kujiuliza kila mtu anapoingia chumbani: "Alikuwepo?" Kama hakuwepo, basi kuna jambo ambalo hakuliona, na anaweza kuambiwa. Swali hili halimtaki akisie hisia wala nia. Linamtaka aangalie jambo ambalo macho yake yanaliweza.

Sehemu ya pili ililenga darasa. Watoto wote walielezwa, bila kumtaja yeyote, kwamba anayetafuta kitu aseme anatafuta nini na amuulize kila aliye karibu kwa jina. Walimu waliombwa kuacha swali la "mbona hukusema?", ambalo linadai maelezo ya mawazo ambayo huenda hayakuwepo, na badala yake waulize, "Uliona nini? Nani mwingine aliona?" Kwa maswali hayo mvulana alitoa maelezo kamili ya tukio zima, pamoja na mavazi ya mtoto aliyekihamisha kitabu, na mtoto huyo alipoulizwa alikubali. Kumbukumbu za kikao cha kwanza zilirekebishwa: maneno "kwa makusudi" na "hana huruma" yaliondolewa, na yakawekwa maelezo ya kile kilichoonekana na kusikika tu.

Bado kuna mambo ambayo hayajatulia. Mvulana amelishika swali lake kwa bidii, na sasa humweleza kila anayeingia yote yaliyotokea alipokuwa nje, hata aliyekuwa amesimama mlangoni akiona. Baadhi ya wenzake walianza kuchoka, hadi ilipokubaliwa kwamba mwenye habari tayari aseme tu "nimeona", naye huishia hapo bila kinyongo. Ugumu ulio mkubwa zaidi ni wa mtu aliyekuwepo lakini alikuwa akitazama kwingine, au aliyeambiwa habari isiyo sahihi na mtu wa tatu, kwa kuwa hapo jibu la "alikuwepo" linampotosha. Mwalimu msaidizi ameanza kumwongezea swali la pili, "Alikuwa anatazama?", na michoro ya muhula ujao imepangwa kuanzia hapo.